Trei za Mkate Nyuma ya Kabati

Nyumbani kwa dada yako,
Chumba cha uani,
Jumatano, 12 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Anayesita kuanza biashara haogopi hasara. Anaogopa kugeuzwa kisa cha familia. Hiyo ndiyo hoja yangu, nami nitaitetea hadi nukta ya mwisho ya barua hii. Lakini adabu kwanza: shikamoo. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko? Mkeo hajambo? Sisi huku tu wazima, isipokuwa usingizi wangu, ambao umenihama. Hata sasa naandika nikiinuka na kuketi.

Unajua kwamba Dada yangu amekodi hapa jirani chumba kilichokuwa cha fundi viatu ili ashone na kurekebisha nguo. Cherehani imetiwa mafuta, kioo kimetundikwa, na kibao cha mlangoni kinasema "Tutafungua Hivi Punde". Kibao hicho kimekaa juani hadi maandishi yamefifia, na juzi alinunua rangi ili ayakoleze maneno yale yale! Watu humletea zipu mbovu. Anawarekebishia kwa jina la ujirani, kisha anawaambia kuwa bado hajafungua. Sasa mwenye chumba amechoka. Mlango usipokuwa wazi Jumatatu, anampa kinyozi.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu woga wa wanaoanza. Vyote vinataja mtaji, soko na ujuzi, na Dada anavyo vyote vitatu. Nilimkabili kwa hoja hizo nikiwa na hakika ya ushindi, naye akanisikiliza huku akipitisha uzi kwenye sindano.

"Umemaliza, Profesa?" akauliza. "Haya, niambie. Mjomba tunamwita nani?"

Kabla sijafungua kinywa, akajijibu mwenyewe.

"Tunamwita Mkate! Duka lake la mkate lilifungwa mimi bado napoteza meno ya utoto, na jina halijapoa hadi leo. Sasa mimi mtaniita nani? Zipu?"

Nilicheka, Mjomba, halafu nikaona ana haki. Hebu fikiri: katika nyumba hii, likitajwa duka lako, sauti hushushwa kana kwamba chumba cha pili kuna maiti. Trei zako za kuokea Mama amezisimamisha nyuma ya kabati, zimeelekezwa ukutani. Wiki iliyopita Dada alizitoa ili apangie nyuzi zake. Mama akatoka jikoni mbio: "Zirudishe! Hizo zina mkosi!" Alizirudisha, na tangu siku hiyo sijaisikia cherehani.

Wakubwa watasema kwamba anahitaji ushauri. Napinga. Ushauri ameushiba, Shangazi peke yake humletea mpya kila anapopita, na kila mmoja huishia kwa "lakini angalia usije ukawa kama mjomba wako". Anachohitaji ni kumwona aliyeanguka akilisimulia anguko lake kwa kinywa chake mwenyewe, bila kuona haya. Mtu huyo ni wewe. Hakuna hapa anayejua tanuri lilikushindaje, wala uliamkaje kesho yake. Usinikasirikie nikisema kwamba ukimya wako ndio uliokuwa mwalimu wetu wa biashara, na umetufundisha kukaa.

Bibi anakuombea na kukulalamikia kwa pumzi moja. Nisalimie mkeo na binamu zangu wote, hasa yule anayenishinda kwa ubishi. Mola akufungulie kila mlango unaoubisha.

Sasa nadai jibu, wala usinitumie mimi peke yangu. Liandike kwenye kundi la familia la simuni, Mama akisoma, Shangazi akisoma, Dada akisoma: duka la mkate lilikufaje, na wewe uliishije. Liandike kabla ya Jumatatu. Nitalisoma kwa sauti pale jikoni, kisha trei hizo nitazitoa nyuma ya kabati kwa mikono yangu.

Wako akupendaye hata anapokubishia,
Mpwa wako,
Profesa.