Sahihi Iliyotoka kwa Mate

Jumanne, 7 Machi

Mume wangu! Bado naliandika neno hili kwa raha. Gaspard amerudi hoi, akasinzia bakuli la supu likiwa mkononi. Hata akikoroma nampenda. Ujana wake wote umeishia kwenye michoro ya Kifaransa, katika makumbusho ya mji wetu huu mdogo — na sasa Paris wanamtaka! Yote kwa sababu ya msichana mwenye tunda la pichi, mchoro alioukuta stoo, akautangaza kuwa wa yule mchoraji mkubwa ambaye kila mji una mtaa wa jina lake. Sahihi yake ipo pale chini. Nimeanza kufunga sahani kwenye boksi, tayari kuhama.

Alhamisi, 9 Machi

Nimempelekea chakula kazini. Bi Hélouin, fundi wa kusafisha michoro, alikuwa analowesha pamba kwa mate yake na kufuta taratibu. Ndivyo wafanyavyo, mate hayachubui rangi ya zamani. Nikalalamika kwamba wiki hii msichana wa pichi amebusiwa zaidi kuliko mimi. Bi Hélouin akasema bibi harusi aongeze siagi kwenye mchuzi, mume atawahi kurudi.

Halafu pamba ikawa nyeusi. Herufi ya kwanza ya sahihi imetoka!

Rangi ya miaka mia mbili haitoki kwa mate. Sahihi hiyo mtu kaiongeza juzijuzi tu, mchoro huenda si wa yule bwana.

"Acha hapo hapo," Gaspard akamwambia, kumbe alikuwa nyuma yetu.

Ijumaa, 10 Machi

Hajala. Mimi nimesimama bekari nikiuza mikate tangu alfajiri, miguu imevimba. Tumelala tumeshikana mikono.

Jumapili, 12 Machi

Kesho Meya anauonyesha mchoro mbele ya wakubwa wa Paris. Bi Hélouin ameahidi kuirudisha ile herufi. Eti mdomo wake ni wa kufutia, si wa kusemea.

Gaspard yuko mezani tangu asubuhi. Kahawa imepoa.

"Solène, Paris uliitaka sana."

Niliitaka! Kile chumba cha juu tulichokiota huko, mapaa yote chini yetu...

"Nikinyamaza, nani atajua?"

"Wewe. Na mimi ndiye ninayelala nawe."

Amenitazama. Macho mekundu, mazuri, yamechoka. Sasa ameshika simu. Inaita kwa Meya. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili unatoa sahani kwenye boksi, ya kwanza, ya pili — bado inaita —