Mate ya Mbayuwayu

Mpendwa Baba,

Mdogo wako amenipigia asubuhi hii nikijiandaa kwenda kazini. Kesho anang'oa mabomba kwenye bani lake la kukaushia tumbaku, aligeuze nyumba ya ndege kama ulivyofanya wewe. Miche ya tumbaku iliyoko kitaluni atawagawia majirani. Nimeitikia tu "sawa, Baba Mdogo".

Unakumbuka ile likizo nilipokuja Lusewa na simu mpya? Nilikuonyesha video ya watu wa nchi za mbali wanaofuga mbayuwayu. Ndege hujenga viota vyeupe kwa mate, watu huvivuna, huvipika supu ya bei ghali. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Supu ya mate! Kwani huko hawana maharage?"

Wiki iliyofuata ukaniomba nikuonyeshe tena. Safari hiyo hukucheka. "Bani linakula msitu, mwanangu. Miti yote niliyoichezea utotoni nimeichoma mwenyewe." Ukang'oa mabomba, ukaziba madirisha ukabakiza tundu moja, ukatundika spika inayolia sauti za ndege kutwa nzima. Majirani wakakucheka, wakasema umerogwa. Nawe siku moja ukanipigia ukipiga kelele: "Wamekuja! Wamekuja!"

Walikuja kweli, Baba. Ila walikuwa mbayuwayu wetu hawa hawa, wanaojenga kwa tope. Wale wa mate hawaishi Ruvuma wala popote karibu nasi. Nilikuja kulisoma hilo baadaye, wakati wewe hukuweza tena kuinuka kitandani. Mimi msomi wako, nilikuonyesha video bila kuuliza ni ndege gani.

Kila nilipokuja ulinituma nikachungulie. Nikirudi unauliza, "Vimeanza kuwa vyeupe?" Nami najibu, "Vimeanza, Baba." Ulitabasamu, na mimi ningesema lolote ili utabasamu. Baba Mdogo alikuwa amekaa hapo hapo miguuni pako, akisikia. Tulipokuzika nikafunga bani na kuondoka na ufunguo, nikidai ndege hawataki kusumbuliwa.

Mchana huu nimempigia. Nimeona haya, nikasema haraka kabla sijabadili mawazo.

"Baba Mdogo, usiguse bani lako. Mle ndani ya bani la Baba hamna kiota cha mate hata kimoja. Ni tope tupu."

Nikasikia kuku wake wakilia uani.

"Kaka alijua?"

"Hapana. Alikufa akiamini."

Akavuta pumzi. "Basi yeye ulimzika vizuri. Mimi ulitaka kunizika mzima."

Akakata simu. Amesema kweli.

Kesho napanda basi la Namtumbo na ufunguo mkononi. Nitamfungulia mlango aone mwenyewe, mbele ya wote waliokucheka. Watakucheka tena, Baba, na safari hii mimi ndiye niliyekuanika. Unisamehe kwa hilo. Kwa lile "vimeanza", bado sijui kama niombe msamaha.

Lala salama.

Binti yako, macho yako ya mwisho