Mashuka Juu ya Paa

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Kesho usiende tena ofisi ya umeme kuwafokea kwamba mita yao inatuibia. Mwizi ni mimi. Tangu ufunge hizo paneli za sola, ukitoka tu naanika juu yake mashuka ya wateja, maana yanakauka upesi, na kabla hujarudi nimeshayaanua.

Leo uliondoka umenuna, nami nikasusa kufua. Saa nne mita ikaanza kuhesabu umeme tunaowauzia!

~~Usimwambie mama yako.~~ Mwambie, acheke.

Nimeenda kununua kamba ya kuanikia. Ulisema jua litatulipa, nikakucheka. Kumbe lilikuwa linasubiri nilipishe.

Mama watoto, dobi wako