Mweupe, Hana Nywele, Hana Jina

Mayfair, Johannesburg

Dada yangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Kabla hujaendelea kusoma, kaa chini, na kama Kaka Shabani yuko karibu mwite naye akae, maana barua hii ni yenu wote wawili. Huku sisi wazima, ila kichwa kinanigonga kwa haya yaliyonikuta. Presha yako imeshuka? Na miguu ya Mama, ile inayovimba jioni, mnaipaka yale mafuta niliyotuma? Msimwache apike amesimama, yeye atawaambia hajachoka, msimsikilize.

Nimeandika kwa sababu simu ndiyo iliyotuponza. Tangu uliponiletea ule ujumbe, "Kaka kasema Rehema asikanyage hapa, usipige kwanza", nimepiga, dada, nisamehe, nimepiga inaita tu. Sasa Bi Saumu anapanda basi kuja huko, nimempa barua hii na nimemwambia aiweke kifuani, asiitie kwenye mkoba. Unajua darasa nililoishia, uvumilie mwandiko. Lakini karatasi haikatiki mtu akiwa katikati ya neno.

Dada, hakuna mtoto.

Narudia ili na Kaka asikie vizuri. Mwanangu Rehema hajazaa. Hana mtoto, hana mume, hana Mjapani. Alichokipata huko Japani anakosoma ni ua. Siyo ua wa nyuma ya nyumba, ua la kunusa, linalochanua. Ua la kujiotea ambalo watu walikuwa hawajalijua duniani. Hata mimi sijui nishtuke kwa lipi, kwa mtoto ambaye hayupo au kwa ua ambalo lipo.

Ngoja nianze mwanzo.

Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka msikitini, mimi niko pale nje ya duka la yule mama wa Kisomali ninapouzia sambusa. Mafuta yamepata moto. Simu ikalia, Rehema. Nikaiweka sikioni kwa bega, mikono ina unga.

"Mama! Mama, nimempata!"

"Umempata nani, mwanangu?"

"Mpya! Mdogo, mweupe, mzuri sana Mama, utalia. Hana nywele kabisa."

Dada, sambusa zikaungua palepale. Nikamwambia rudia. Akarudia, tena kwa furaha, "Mweupe, hana nywele. Yule mwingine ana nywele, huyu hana, ndiyo tukajua si wa ukoo mmoja."

"Yule mwingine? Rehema, wako wawili?"

"Ee, lakini yule wa zamani kila mtu anamjua."

Kila mtu anamjua! Mimi mama yake ndiyo sijui! Nikauliza, "Na jina lake?"

"Hana jina bado. Profesa anafikiria jina. Tumemkuta kwenye nyasi, Mama, mbele ya posta, watu wanampita tu kila siku."

Nikasema basi, ameokota. Mwanangu ameokota mtoto wa watu. Halafu nikasema hapana, mbona profesa ndiye anatoa jina? Huyo profesa ni nani kwake? Nikamwambia, "Mlete huku nimlee mimi." Hilo lilitoka lenyewe, dada, sikulipanga. Akanijibu, "Haruhusiwi kutoka Japani, Mama. Eish, na mmoja tumemkausha..." Pale pale umeme ukakatika mtaa mzima, na mtandao ukaondoka nao.

Mmoja tumemkausha. Hilo sikukwambia siku ile. Nilimeza.

Najua utasema, Zuhura, mtoto si ulisema anasomea mimea? Najua. Lakini mtu akikwambia mdogo, mweupe, hana nywele, hana jina, wewe utafikiria mchicha? Na mnasahau Kiswahili cha Rehema. Mtoto kazaliwa huku, kasoma huku, na wenzake ni Kizulu na Kiingereza. Kiswahili anakisikia chote, akikisema sasa, kila kitu kwake ni mtu. Sisi tunasema kikombe kimevunjika, yeye kwake kikombe amevunjika. Mvua anakuja. Sufuria ameungua. Tumemcheka tangu ana meno ya utotoni, baba yake alikuwa akimwita makusudi aseme "kiti amelala" tucheke wakati wa kula. Sasa kicheko chote hicho kimenirudia.

Nilipanda chumbani nikamkuta Mama Furaha, yule Mkongomani anayesuka nywele kule Malvern, tunapanga nyumba moja. Akaniona nalia.

"Eh, Mama Rehema, iko nini? Nani amekufa?"

Nikamweleza. Akapiga kofi pajani. "Mutoto ni mutoto! Atakuja, tutamulea. Sasa unalia nini?"

"Mmoja wamemkausha, Mama Furaha."

Akafikiri kidogo. "Si kumukausha na taulo? Bamemuogesha, bamemukausha."

Wallahi nikashusha pumzi. Nikasema kweli, taulo. Na ndiyo nikapata nguvu ya kukupigia wewe kwa simu yake, nikakwambia kile nilichokwambia, kwamba Rehema kazaa huko kwa Wajapani, na kumbe wewe ulikuwa umekaa na Kaka na umeifungua sauti ya simu. Sikulaumu. Ningekuwa mimi ningeifungua vilevile.

Baba Rehema alirudi kutoka lindoni Midrand bado amevaa sare. Nilimwambia amesimama mlangoni. Hakuvua hata kofia. Alikaa kitandani, mimi nangoja apasuke. Kisha akauliza swali moja tu.

"Huyo Mjapani ni Muislamu?"

Nikamwambia sijui. Akasema, "Muulize." Akalala na viatu.

Kesho yake Mama Furaha akaja na nguo za mtoto alizopewa na wateja wake, na mimi mwenyewe nikaenda dukani nikanunua kofia ya sufu, kwa sababu Japani kuna baridi na mtoto hana nywele. Dada, nilikuwa na hasira, nilikuwa na aibu, lakini kofia nilichagua laini. Moyo wa mtu ni kitu cha ajabu.

Rehema akapiga, na safari hii ya picha. Nimejifunga mtandio vizuri, Baba Rehema kakaa pembeni yangu kama yuko mbele ya hakimu, Mama Furaha anachungulia kwa nyuma. Rehema uso wote meno.

"Mko tayari? Nawaonyesha. Huyu hapa!"

Akageuza simu. Nikaona kopo la maua.

Nikangoja. Hakuna kilichosogea. Nikamwambia, "Mwanangu, toa hayo maua nimwone mtoto."

"Mtoto gani, Mama?"

"Mwanao. Huyo mweupe."

Akageuza simu, nikauona uso wake, meno hakuna. "Mama. Huyu ndiye mweupe. Ni ua."

Nilikuwa nimeishika kofia mkononi. Sikujua niiweke wapi.

Baba Rehema akasema, "Kwa hiyo Mjapani hayupo?" Rehema akasema, "Mjapani gani, Baba?" Baba yake akasema Alhamdulillahi, akainuka kwenda kutawadha, nadhani alikuwa analia hataki tumwone. Na Mama Furaha huku nyuma, "Mayi wee! Ni mauwa? Na miye bamama bote ku salon nimebaambia uko na mujukuu!"

Basi Rehema akanieleza taratibu, na mimi nikalitazama hilo ua kweli. Ni kijiti cha kijani, chembamba, hakifiki hata dhiraa. Vimaua vyenyewe vimepanda juu vikizunguka kile kijiti kama ngazi ndani ya mnara wa msikiti, kila kimoja kinakaribia ukubwa wa punje ya mchele. Weupe wake siyo wa maziwa, ni wa kioo, karibu uone upande wa pili, na kwa mbali kuna wekundu kidogo kama kucha ya mtoto mchanga. Siwezi kukudanganya, dada, nilisema Subhanallah.

Sasa kuna ua lingine, ndugu yake, ambalo Wajapani wanalijua tangu mababu zao. Hilo kijiti chake kina vinywele. Na ndiyo "yule mwingine ana nywele". Haya mawili yanaota pamoja kwenye nyasi za kawaida, mbele ya posta, uwanjani, hata kwenye makopo ya veranda za watu, na kila mtu akidhani ni moja. Mashine ya kukata nyasi inapita juu yao. Profesa wao, mzee mmoja, alikuwa na wasiwasi siku nyingi kwa nini mengine yanachanua mapema na mengine yanachelewa. Akawatuma wanafunzi wazunguke. Rehema ndiye aliyepiga magoti pale mbele ya posta, kwenye kisiwa kimoja wanachokwenda kwa meli, akapitisha kidole kwenye kijiti, akakuta laini, hakuna vinywele. Wakachukua, wakapima mpaka ndani, kuna kitu ndani ya mmea kinaonyesha ukoo wake, wakakuta siyo ndugu wa karibu kama walivyodhani. Mmoja ndiyo wamemkausha, wamembandika kwenye karatasi nene na kumtunza, ili mtu akibisha aonyeshwe.

Kwa hiyo taulo halikuwepo.

Hili ndilo linanishangaza mpaka sasa hivi. Japani, dada! Watu wenye treni zinazofika kabla hujakaa vizuri. Mimi nilidhani Mungu akishaumba na Wajapani wakishaandika, imekwisha. Kumbe nyasi za mbele ya posta hawajazimaliza. Nikatoka nje siku ile nikasimama karibu na robot pale kona, zile taa za kuongoza magari, imewaka nyekundu, nikaangalia vijani vilivyoota kwenye ufa wa simenti, nikasema na nyinyi je, mnajulikana? Watu wakadhani nimepoteza hela.

Lakini dada, siyo hilo lililonifanya nikeshe na kalamu. Ni Rehema. Baba yake alipotoka kutawadha, Rehema akaniuliza, sauti ndogo, "Mama, umemwambia nani?"

Nikamwambia Mama Furaha, na mama yako mkubwa Tanga.

"Na Mjomba?"

Nikaanza kuikunja ile kofia, akajua. Akasema, "Mjomba amesema nisije, sivyo?" Unajua amepanga kuja huko baada ya Idi. Hajawahi kukanyaga Tanga, Bibi yake anamjua kwa picha tu. Ana picha ya nyumba yenu ukutani kwake, nimeiona kwenye simu, ile yenye mlango wa bluu. Akasema, "Basi Mama, nitakwenda kwingine."

Nikamwambia, "Hata ungekuwa naye kweli, ningemlea." Akaanza kulia mtoto wangu, kule mbali, na hilo ua limekaa pale mezani. Akaniambia, "Niliona ulivyoshika kofia."

Kaka Shabani, sasa nasema na wewe. Mimi mdogo wako sikupandishii sauti. Ulikasirika kwa neno ulilolisikia, na neno lilitoka kwangu, na mimi nililipata kwa mtoto asiyejua kutofautisha ua na mtu. Hakuna aliyetaka ubaya. Lakini kauli ya "asikanyage" ni yako, na mimi siwezi kuiondoa, wala Dada hawezi. Mpigie wewe mwenyewe. Mwambie mlango uko wazi. Na akikujibu, "Asante Mjomba, safari amenifurahisha," usicheke. Sisi tumecheka vya kutosha.

Na kama majirani walishasikia, waambieni waziwazi, Rehema amepata ua. Wakiuliza ua gani, waambieni lile lisilo na nywele. Wataelewa wanavyoelewa.

Mama mbusu mikono yote miwili, mwambie mjukuu wake anakuja na nitakuja naye, Inshallah. Shemeji yangu, mumeo, msalimie, mwambie kifua asikiache wazi asubuhi. Wifi yangu mke wa Kaka, mwambie namtegemea yeye wakati Kaka anasoma. Mama Furaha anawasalimu ingawa hamumjui. Baba Rehema anasema yeye hana neno, ila Mjapani angekuwa Muislamu asingekataa.

Ni mimi mdogo wako anayewapenda na kuwaogopa,

Zuhura

Dada, nilishafunga bahasha nimeifungua tena, Bi Saumu yuko mlangoni ananikemea. Rehema kaniletea ujumbe sasa hivi. Anasema kama Mjomba akikubali, atakuja Tanga na mwenzake. "Mdogo, mpole, anatoka kule kule kisiwani, hapendi jua kali, anakunywa maji mengi." Najua walisema lile ua haliruhusiwi kutoka. Lakini kwa mtoto huyu mimi siamini tena sentensi hata moja. Nimemuuliza ana miguu au ana mizizi. Hajajibu, labda kalala, kwao usiku. Nyinyi tandikeni vitanda viwili, na kimoja wekeni karibu na dirisha.