Sare ya Kabale na Ng'ombe wa Kitovu

Jumamosi jioni, Chechelesi, hapa Isiolo mjini. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria ya chai. Nimefagia, likarudi, nikafagia tena, kisha nikaacha. Leo sina nguvu ya kushindana na vumbi.

Nilikuwa nimepanga kuandika jambo la furaha. Kabale, binti wa ndugu yangu Guyo, anaingia gredi ya kumi Jumatatu, shule ya bweni. Amekaa nami hapa mjini tangu gredi ya nne, kwa sababu kwao Biliqo mifugo huhama na mwalimu naye huhama. Niko na picha zake kwenye simu, amevaa sare mpya, na nilikuwa hata nimechagua ile ya kuweka hapa kwenye ukurasa wangu.

Sitaiweka.

Ngoja nianze na hizo nguo, maana bila hizo nguo singekuwa hapa nikiandika na macho yamevimba.

Shule ilisema kila kitu kinunuliwe stoo ya shule. Sketi, shati, sweta, tai, traksuti, hijabu, hata soksi. Fundi wangu wa hapa Chechelesi, mwanamume mpole aliyenishonea nguo ya harusi na baadaye ile niliyovaa nikienda kudai talaka, aliitazama sketi ya shule, akaigeuza ndani nje, akasema anaweza kushona kama ile kwa nusu ya bei na ingedumu zaidi. Nilimwamini. Lakini mtoto akienda na sketi ya fundi anarudishwa getini. Isiolo hii tunapatana bei ya kila kitu, hata ya sanda. Kwa stoo ya shule hakuna kupatana. Unalipa, sweta inashonwa jina la mtoto palepale, na ikishashonwa jina hairudishwi.

Mwalimu mmoja alitueleza wazazi kwamba sare ni ya kufanya watoto wote waonekane sawa. Alisema kwa upole na nadhani anaamini. Ni kweli wataonekana sawa. Sisi tuliobaki nje ya geti ndio hatukuwa sawa, na tulijuana kwa kutazamana tu.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Mshahara wetu huja kama mvua ya huku, kwa kutabiriwa. Karo ya muhula nilikuwa nimejibana nikaipata. Sare ndiyo ilinishinda. Kwa hiyo mwezi uliopita nikampigia Guyo.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na ni kosa la watu wetu. Sijui kama mtu wa kwingine angelifanya.

Sisi Waborana tukisalimiana tunauliza amani. Nagaa? Jibu ni nagaa. Watoto nagaa? Nagaa. Mifugo nagaa? Nagaa. Hata kama nyumba inaungua, salamu hujibiwa nagaa kwanza, halafu mambo mengine yafuate polepole, chai ikishanywewa. Kwa simu hakuna chai. Salio linakwisha, mtandao wa Biliqo unakatika, na mtu hafiki kwenye hayo mambo mengine. Na kuna jambo ambalo halisemwi kabisa: humuulizi mfugaji ana wanyama wangapi. Ni adabu mbaya na ni mkosi. Kwa hiyo kiangazi chote hiki nilipiga simu, nikauliza mifugo nagaa, nikajibiwa nagaa, nikakata simu nikiwa nimetulia.

Si kwamba sikujua kuna ukame. Nani Isiolo hajui? Lakini nilijiambia Guyo amehamisha mifugo mbali, kama afanyavyo kila mara. Ndugu yangu ana akili ya malisho. Nikamwambia, Kabale amepata shule, mimi nimepata karo, sare nisaidie wewe. Akaniuliza ni kiasi gani. Kisha akasema sawa, itapatikana.

Pesa iliingia kwenye simu siku chache baadaye. Ilitosha. Nilimshukuru kwa ujumbe mfupi na nikaweka hata uso wa kucheka mwishoni.

Alhamisi tukaenda kununua. Yule wa stoo alituambia tuchukue sweta kubwa imfikishe gredi ya kumi na mbili, nikakubali, sasa Kabale ana sweta inayomfika mapajani na mikono ya kukunja mara mbili. Kila Januari darasani kwangu huwa kuna watoto wanaotembea ndani ya sweta kama hiyo, mikono haionekani, na mimi huwatania. Alhamisi sikutania. Nilifurahi tu kwamba yeye anayo.

Leo kabla ya adhuhuri, Guyo akafika.

Hakusema anakuja. Nilimwona mlangoni na fimbo yake na mfuko mdogo wa plastiki. Tukasalimiana. Nagaa, nagaa, nagaa. Amekonda, lakini kiangazi kila mfugaji amekonda. Akanipa ule mfuko. Ndani mlikuwa na kilo moja ya sukari, ya duka la hapa hapa karibu na stendi.

Mgeni wa kutoka Biliqo haleti sukari. Analeta maziwa kwenye kibuyu, au nyirinyiri, ile nyama ya kukaanga iliyolala ndani ya mafuta yake. Anayetoka kwenye mifugo huleta kitu cha mifugo. Nilishika ile sukari, nikashukuru, nikaenda kuinjika chai. Kichwa changu kilikataa kufikiri.

Kabale aliposikia sauti ya babake alikimbilia chumbani na kutoka amevaa sare yote, mpaka tai, kwenye joto hili. Akazunguka mara moja katikati ya chumba. Guyo akamwita karibu, akashika ukingo wa sweta kati ya vidole viwili na kuusugua taratibu, kama anavyopima ngozi ya ndama sokoni. Akasema ni nzuri. Akasema tena, ni nzuri sana.

Kisha Kabale akauliza kuhusu Dalacha.

Hapa lazima nieleze. Mtoto akizaliwa kwetu, kitovu kikianguka, baba humtengea mnyama. Tunaita handhura, maana yake ni hicho kitovu chenyewe. Uzao wote wa mnyama huyo ni wa mtoto, na hata baba haugusi bila sababu kubwa. Wengi huwapa wavulana. Guyo alimpa Kabale, mtoto wake wa kwanza, mtamba mzima, wazee wakanung'unika mpaka wakachoka. Dalacha ni mjukuu wa mtamba yule, ng'ombe wa rangi ya kijivu. Kabale alimkamua likizo ya Aprili. Agosti alikuwa na masomo ya ziada, na Desemba ni mimi niliyemzuia asiende, nikisema tuweke nauli kwa ajili ya shule.

"Dalacha yuko aje?"

"Nagaa," Guyo akasema.

"Amezaa?"

"Bado."

Jibu la kwanza lilikuwa salamu. La pili halikuwa salamu. Nilikuwa nimesimama na birika mkononi na nikasikia tofauti yake, lakini hata hapo nilijidanganya.

"Adada," Kabale akaniambia, ndivyo tunavyoita shangazi, "tupige picha na Baba. Akirudi amwonyeshe Dalacha, ajue mwenye ng'ombe siku hizi anavaa tai."

Tukacheka. Guyo pia alicheka, au alifungua mdomo. Nikapiga picha. Kabale anatazama simu. Babake anatazama mlango.

Kabale alipokwenda kubadilisha nguo na kutoka kwenda madrasa, Guyo alikunywa kikombe chake chote. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama wenye maduka ya hapa mjini bado wanatafuta mtu wa kulala nje kulinda.

Nilimuuliza ni nani anayetafuta kazi.

"Mimi."

Mfugaji haachi mifugo kiangazi kuja kulinda duka la mtu. Nikaketi. Sikuuliza wamebaki wangapi, hata wakati ule ulimi ulikataa. Nilisema tu, "Guyo, nani anachunga?"

Akasema hakuna cha kuchunga.

Mbuzi walimalizika kwanza. Kisha ng'ombe, mmoja mmoja, kila asubuhi anajaribu kuwainua kwa kuwashika mkia na pembe, na kila asubuhi kuna asiyeinuka. Mkewe na wavulana wao wadogo wamekwenda kwa wakwe, wanangoja chakula cha msaada. Nilipopiga simu ya sare alikuwa amebaki na ng'ombe mmoja. Dalacha.

Nilimkasirikia. Naandika hapa ili nisije nikajipamba baadaye: sikulia kwanza, nilikasirika. Nikamuuliza kwa nini alisema nagaa kila nilipopiga.

"Ulitaka nijibu nini? Salamu ni salamu."

"Ungesema huna. Ningekopa. Ningeenda kulala kwa ofisi ya mwalimu mkuu."

"Ungekopa ulipe na nini?" Kisha akasema kwamba Dalacha angekufa tu. Amemuuza akiwa bado anasimama, kwa dalali aliyekuja na lori, kwa bei ambayo aliitaja na ambayo sitaiandika, kwa sababu ni aibu, ingawa si aibu yake. Ilitosha sare na nauli yake ya kuja hapa. Kilichobaki kilinunua sukari.

"Angezaa," akasema, akitazama chumbani zilikoangikwa zile nguo. "Hizo hazizai."

Hapo ndipo nililia.

Malori ya ng'ombe hushusha hapa mjini. Sitaki kufikiria butcheri.

Guyo akanikataza kumwambia Kabale. Akijua, alisema, atavua zile nguo na kusema zirudishwe. Ninamjua mtoto huyu, na babake anamjua, na tunajua atasema hivyo hasa. Na haziwezi kurudishwa. Jina lake limeshonwa kifuani.

Baada ya alasiri nikaenda kwa jirani yangu, Mama Kendi, Mmeru wa Nyambene anayeuza miraa kona ile. Mumewe ni msimamizi wa walinzi wa kampuni fulani. Sikumweleza mengi. Nilisema ndugu yangu anatafuta kazi, ni mtu mwaminifu, hanywi, hasinzii.

"Pole, Mwalimu. Mwaka huu wanakuja wengi," alinijibu, akiendelea kufunga vifurushi vyake. "Kazi iko. Hata Jumatatu anaweza anza. Lakini lazima alipie uniform kwanza, shati na suruali na buti. Kama hana, wanamkata kwa mshahara, miezi ya kwanza hivi hataona kitu."

Nikarudi nyumbani nikampa Guyo habari hiyo. Nilijikaza niiseme haraka, kama dawa chungu.

Alinitazama. Kisha akacheka, kicheko chake cha zamani cha tumboni, mpaka akashika ubavu, mpaka Kabale, ambaye alikuwa amerudi, akatoka chumbani kuuliza nini kinachekesha. Guyo akapangusa macho.

"Hata mimi nimeitwa shule," akamwambia.

Kabale akadhani ni mzaha na akacheka naye. Mimi nilikwenda nje kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka.

Sasa maghrib imepita. Guyo amejinyoosha kwenye mkeka, mikono chini ya kichwa. Hajui kulala bila kusikia wanyama, naona anavyogeuka. Kabale anapiga pasi sketi ambayo tayari imepigwa pasi. Amenikunjia mikono ya sweta anionyeshe jinsi atakavyoikunja. Ananiuliza kama wasichana wa huko watamcheka kwa ukubwa wa sweta hiyo. Nimemwambia wote watakuwa na sweta kubwa. Mama zao wote walisikiliza ushauri ule ule.

Nimewaza sana nikiandika haya. Guyo ana haki ya kunyamaza, ni ng'ombe aliyemtoa yeye na aibu ameibeba yeye. Na labda anasema kweli, labda ukweli utamtoa mtoto shuleni kabla hajaingia. Lakini Dalacha hakuwa wa Guyo. Alikuwa wa Kabale. Kabale ndiye aliyejilipia sare, na ni yeye peke yake katika nyumba hii asiyejua.

Na nikinyamaza, nini kitatokea? Aprili atafunga sanduku kwenda Biliqo. Au mapema zaidi, mtoto mwingine wa kule atamwambia bwenini, bila ubaya, kama habari tu. Atakuwa amelala kitanda cha juu kati ya wasichana asiowajua, amevaa ile sweta.

Siwezi kuliona hilo linakuja na bado ninyamaze.

Kesho baada ya swala ya asubuhi nitamwambia Kabale, kabla ya kuyaweka maneno haya hapa. Nitasema Guyo akiwa ameketi hapo hapo, hata akinikasirikia mpaka tuzikwe. Akitaka kuvua sare, nitamwambia aivue, ailie, halafu Jumatatu aivae, kwa sababu sasa hakuna kingine babake alicho nacho duniani isipokuwa yeye ndani ya hizo nguo. Sijui kama atakubali. Naogopa. Sijawahi kuogopa mtoto wa miaka kumi na tano hivi.

Lakini kama ni kulia, alie kesho, hapa, babake akimsikia.