Wembe Uliokaa Mwezi

Wanjiru wangu,

Huku Kinoo hatujambo. Ng'ombe amezaa, na mama yako amepona mguu. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu guka yako, huyu mzee wangu, angesikia.

Unaniuliza kama mumeo ana mwanamke huko Kilimani, kwa vile siku hizi amechoka tu, hasira haziishi, na kitandani anakugeuzia mgongo. Hata mimi niliwahi kujiuliza hivyo. Guka yako alikuwa seremala huko Mountain View, bado kijana. Wembe niliokuwa nikimnunulia kila wiki ukaanza kukaa mwezi mzima. Nikasema, kumbe ananyolea ndevu kwa mwanamke mwingine! Nilimchukia mwanamke huyo kabla sijajua hata jina lake.

Mchana mmoja nikafunga leso kiunoni, nikamwendea kazini tayari kwa vita. Nilimkuta peke yake, amelala juu ya mbao, randa mkononi. Nilipoinama nimwamshe kwa kofi, nikaona kidevu chake. Kilikuwa laini kama cha mtoto. Ndevu hazikuwa zikinyolewa popote. Zilikuwa zimeacha kuota.

Kesho yake asubuhi nilimpeleka kwa daktari, akampima damu, akasema homoni za kiume zimepungua sana. Akaanzishiwa sindano, na nyembe nikaanza kununua tena. Yule nesi aliyekuwa akimdunga, mpaka leo simpendi.

Pengine mumeo ana mtu, sijui. Lakini apimwe kwanza. Mimi nilimaliza mwaka nikimwinda mwanamke ambaye hakuwepo, na mgonjwa nalala naye kitanda kimoja.

Ni mimi nyanya yako, cucu.