Sucre Wana Kuta Nyeupe

Shangazi Eulalia,

Shikamoo. Unasema Madrid kuna baridi? Huku Potosí hiyo tungevulia mashati.

Eti unashindwa kuchagua: uje kwetu huku juu milimani, au uishie Sucre, chini kidogo, ambako pumzi haikatiki? Sucre nimefika. Watu wanapaka poda hadi kuta!

Daktari naye alimwambia Baba ahamie Sucre, maana vumbi la mgodi limemmaliza mapafu, na akibaki huku, Krismasi kwake ni mbali. Baba akamjibu, "Tangulia wewe, kijana." Kila asubuhi anatafuna majani ya koka na wenzake mlangoni pa mgodi. Wao wanaingia, yeye anabaki akitafuna.

Kaka yako hashuki, Shangazi. Panda wewe. Pumzi ikikukatika nitakubeba mgongoni, nyumbu wa mizigo mwenyewe ananionea wivu.

Mwanao,
Wilmer